UZI: Umeambiwa "usije mpaka tukuite"? Ajira za viwandani, madukani na kambini hapa Mwanza, na sheria inavyosema

#1 Mzee wa Zamu (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Nimekaa idara ya utumishi kwenye viwanda vya hapa Mwanza kwa miaka mingi, na sasa nawasaidia wenye biashara ndogo kupanga mambo ya wafanyakazi wao. Kuanzia Kirumba hadi Buhongwa swali ninaloulizwa ni lile lile: "Nimefukuzwa, lakini mimi ni kibarua tu, nina haki gani?" Kulijibu kwa simu moja moja kumenichosha, kwa hiyo naliweka hapa. Wenye mali nao wapo humu, wasome. Kesi nyingi ninazoona wakishindwa, mfanyakazi hakuwa malaika. Wanashindwa kwa sababu walimfukuza ovyo.

Sheria mama ni mbili, zote za 2004: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, na Sheria ya Taasisi za Kazi. Kanuni zake nyingi ni za 2007. Marekebisho yamepita mara kadhaa, ya karibuni ni ya 2025, kwa hiyo ile PDF inayozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp usiitegemee kwa kila kitu, hasa viwango vya fidia.

Tuanze na huyo kibarua. Karatasi ikiandikwa "kibarua" juu haimalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, ilimradi ipo hata dalili moja tu. Unapangiwa namna ya kufanya kazi. Unapangiwa saa. Umekuwa sehemu ya ile taasisi. Umemfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Unamtegemea yeye kiuchumi, anakupa vitendea kazi, au humfanyii kazi mtu mwingine. Sasa jiangalie: unafika getini alfajiri, mlinzi anakuandika kwenye daftari, unapewa gambuti, aproni na kisu, msimamizi anakuonyesha meza ya kukata minofu, unatoka anaposema yeye. Huyo ni mwajiriwa, hata kama analipwa Jumamosi kwa Jumamosi.

La pili ni maandishi. Mwajiri ndiye mwenye wajibu wa kukupa taarifa za ajira yako kwa maandishi: kazi yako ni ipi, umeanza lini, umeajiriwa wapi, saa za kazi, ujira na unavyokokotolewa. Asipokupa si kwamba huna mkataba. Mkataba upo, ila haujaandikwa. Mkifika mbele ya mwamuzi na mwajiri hana karatasi, mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania unakuwa wake. Wenye mali hapa ndipo wanapojikaanga wenyewe. Wanadhani kutoandika ni ujanja.

La tatu, na hili nalirudia mpaka nionekane kasuku: SIKU 30. Ukiachishwa kazi na unaona umeonewa, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Madai mengine, kama malimbikizo ya mshahara, ni siku 60. Watu wanafukuzwa, wanakwenda kwanza kijijini kupumzika, wanamtuma mjomba aongee na bosi, bosi anasema "subirini mwisho wa mwezi tutalimaliza", na mwisho wa mwezi siku zimekwisha.

Mwisho kwa leo: kama hujatimiza miezi 6 kwa mwajiri huyo, sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo halali haikuhusu. Ujira wa siku ulizofanya na malipo ya notisi bado unaweza kudai. Ndiyo maana wengine wanakuondoa mwezi wa tano halafu wanakuita tena baada ya wiki mbili. Wanajua wanachofanya.

Karibuni kwa maswali. Msitaje majina ya kampuni wala ya watu.

#2 Kigoda Mbele

Nimeshusha kigoda na chupa ya chai. Tiririka mkuu.

#3 Mama Minofu

Shikamoo Mzee wa Zamu. Mimi nipo kiwanda kimoja cha sangara, nakata minofu. Nimeanza mwaka juzi. Mkataba wetu ni wa miezi mitatu mitatu, ukiisha tunasaini mwingine palepale kwenye meza, hatupewi nakala. Mwezi uliopita msimamizi akasema samaki hamna, ziwa limekauka, kundi letu tukae nyumbani tutapigiwa simu. Mpaka leo kimya. Juzi nimepita getini nikaona sura mpya zinaingia zamu ya asubuhi. Nikimpigia msimamizi anasema "mayu, vumilia". Hapo nimefukuzwa au sijafukuzwa? Na nina mtoto anaanza shule.

#4 Mzee wa Zamu

Marahaba dada. Swali lako lina matatu ndani yake, acha niyatenganishe.

Kwanza mkataba wa miezi mitatu mitatu. Ukisaini mkataba wa muda maalumu na muda ukaisha, kwa kawaida ajira inakwisha yenyewe. Lakini sheria inasema kama ulikuwa na sababu ya msingi ya kutarajia kuongezewa kwa masharti yale yale na mwajiri asikuongezee, huko nako ni kuachishwa kazi. Mtu aliyesaini mkataba baada ya mkataba tangu mwaka juzi, palepale mezani, bila hata kupumzika, anayo hoja nzito. Siyo ushindi wa moja kwa moja. Ni hoja.

Pili, "samaki hamna". Sote tunaoishi huku tunajua sangara anapungua, kuna miezi malighafi haitoshi na viwanda vinapunguza zamu. Sheria haimlazimishi mwajiri kulipa watu wakae wanaangalia meza tupu. Inamruhusu kupunguza wafanyakazi kwa mahitaji ya uendeshaji. Ila kuna njia yake: atoe taarifa mapema kwamba anakusudia kupunguza, aeleze sababu kwa uwazi, akae na chama cha wafanyakazi, TUICO kwa mfano kama mnacho, au na ninyi wenyewe kama hamna. Mjadiliane kama kuna namna ya kuepuka, nani ataondoka na kwa kigezo gani, lini, na atalipwa nini. Msimamizi kusema "tutawapigia" kwenye korido siyo hiyo njia. Na zile sura mpya getini zinampa mwajiri kazi ya kueleza: kama kazi ilipungua, hawa wameletwa kufanya nini?

Tatu, umefukuzwa au hujafukuzwa? Usiache msimamizi akujibie hilo kwa kuvumilia. Andika barua fupi leo, ya Kiswahili: jina lako, namba ya kitambulisho cha kazi, tarehe uliyoanza, tarehe uliyoambiwa ukae nyumbani, na swali moja, "naomba kujua hali ya ajira yangu". Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa mapokezi urudi nayo. Wakikataa kupokea, mtumie meneja utumishi picha yake kwa WhatsApp na uiache hapo. Usikae kusubiri jibu, nenda CMA wiki hii hii. Wakisema siku 30 zilianza kuhesabiwa siku ile ya korido, basi uwe bado ndani. Kusajili hakuna ada. Unajaza fomu namba moja, wanayoiita CMA F1, nakala unampelekea mwajiri na unabaki na uthibitisho kwamba kaipata.

Na nakala za mkataba usizonazo zisikutie hofu. Miamala ya M-Pesa unayolipwa, picha ya kitambulisho, ujumbe wa msimamizi wa kupanga zamu, vyote ni ushahidi. Usifute kitu kwenye simu hiyo, na usimpe mtoto achezee.

#5 Jumla na Rejareja

Nyie watu wa HR ndio mnaotufilisi. Mimi nina duka la jumla hapa mjini, vijana wanne. Kila nikifunga hesabu ya mwezi mzigo unapungua: leo katoni ya sabuni, kesho mfuko wa sukari. Nikikata kwenye mshahara mnasema sheria. Nikifukuza mnasema CMA. Sasa niwapikie pilau?

#6 Mzee wa Zamu

Hahaha, tajiri pole. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sheria nayo inakwenda huko huko.

Kukata unaruhusiwa, ila si kwa mtindo wa "mmepoteza laki mbili, kila mmoja elfu hamsini". Hasara iwe imetokea wakati wa kazi na kwa kosa la huyo unayemkata. Umwambie kwa maandishi sababu, kiasi na ulivyokipata. Umpe nafasi ya kubisha. Usikate zaidi ya hasara halisi. Na makato hayo kwa jumla yasizidi robo ya ujira wake wa fedha. Sasa kama vijana wanne wote wanaingia stoo, na funguo inaning'inia kwenye msumari nyuma ya kaunta, kosa la nani utalithibitisha? Mpe mtu mmoja stoo, mzigo ukiingia asaini, ukitoka asaini. Katoni ikipotea utajua mlango upi ugonge.

Kufukuza pia unaruhusiwa. Sheria inataka vitu viwili: sababu halali, na utaratibu wa haki. Wajibu wa kuthibitisha vyote viwili ni wako, si wa kijana. Sababu wengi mnazo. Utaratibu ndio hamna.

Nikupe niliyoyaona kwa macho. Kiwanda fulani, sikitaji, kijana wa Sengerema alikamatwa getini akiwa na mabondo mawili, vile vibofu vya hewa vya sangara, ndani ya gambuti. Mnaojua bei ya mabondo mnaelewa. Ushahidi upo, mlinzi yupo, mabondo yapo kwenye friji yameandikwa tarehe. Kesi rahisi kuliko zote. Saa tatu asubuhi anapewa hati ya mashtaka, kwa Kiingereza, ukurasa mzima. Saa nane mchana kikao. Mwenyekiti wa kikao ni meneja wa zamu, yule yule aliyeagiza apekuliwe. Kijana anaomba aje na mwenzake wa kumsaidia kuongea, anaambiwa "hapa siyo mahakamani". Dakika kumi, barua mkononi.

Kanuni za 2007 zinasema nini? Mashtaka yawe kwa namna na lugha anayoielewa. Apewe muda wa kujiandaa, usiopungua saa 48. Awe na haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Mwenyekiti awe kiongozi wa ngazi ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Akikutwa na hatia apewe nafasi ya kujitetea juu ya adhabu, kabla haijatolewa. Hesabu mwenyewe walivunja mangapi. Wizi ulikuwepo, na bado kampuni ililipa, kwa sababu ilikuwa na haraka.

Kwa duka la watu wanne hakuna anayekudai uitishe kikao kama cha kiwanda cha watu mia nne. Ukubwa wa shughuli unaangaliwa. Lakini barua ya tuhuma, siku mbili za kujiandaa, mtu wa tatu asiye na upande wa kusikiliza, na mukhtasari ulioandikwa kwa mkono na kusainiwa, hivyo huwezi kukosa. Daftari la mia tano linatosha.

#7 Wakili wa Nyamagana

Mwanzisha uzi ameeleza vizuri. Niongeze kidogo.

Aliyechelewa siku 30 asikate tamaa moja kwa moja. Anaweza kuomba CMA imruhusu kusajili nje ya muda, lakini ataeleza sababu ya kuchelewa, na kila siku ina swali lake. Kulazwa Bugando ukiwa na karatasi za hospitali ni sababu inayosikilizika. "Nilikuwa naongea na bosi" huwa haitoshi.

Ukifika CMA mnaanza na usuluhishi, unaotakiwa kumalizika ndani ya siku 30. Msuluhishi hamhukumu mtu, anatafuta mapatano, na mnayoyasema humo hayatumiki baadaye kukufunga. Msipoelewana mnakwenda kwenye uamuzi, huko sasa kuna ushahidi na viapo. Asiyeridhika na uamuzi ana wiki 6 za kuomba Mahakama Kuu iupitie.

Na wale wanaosaini karatasi ya "nimelipwa stahiki zangu zote na sina madai yoyote" ili wapewe nauli, tafadhali. Pokeeni fedha, lakini mkilazimishwa kusaini andikeni mlichopokea na tarehe, basi. Nimekutana na watu walioacha madai ya miaka kwa elfu thelathini ya nauli ya Magu.

#8 Mlinzi Usiku

Mimi nalinda nyumba ya mtu upande wa Kiseke. Naingia saa kumi na mbili jioni natoka saa kumi na mbili asubuhi, siku saba kwa wiki, Krismasi nipo, Idi nipo. Hii ni sawa?

#9 Mzee wa Zamu

Si sawa, tena hata kidogo.

Saa za kawaida kwa sheria ni 45 kwa wiki, 9 kwa siku, siku 6. Wewe unafanya 84. Zinazozidi ni 39 kwa wiki, ukizidisha kwa wiki 4 ni 156, wakati ukomo wa saa za ziada ni 50 katika wiki 4. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Sikukuu ni mara mbili. Mapumziko ya wiki ni saa 24 mfululizo, na likizo ya mwaka siku 28.

Bosi wako akipiga hesabu hiyo ataona bora aajiri walinzi wawili wapokezane. Na huko ndiko sheria inakomsukuma. Mwonyeshe kwanza kwa upole. Kuna wenye nyumba ambao hawajui, na kuna wanaojua.

#10 Kaunta Namba Tatu

Niko mjamzito miezi mitano, nafanya kaunta kwenye duka kubwa la kujihudumia. Meneja kaniambia nikijifungua "nitajitafutia mtu mwingine". Nimlipue?

#11 Mzee wa Zamu

Usimlipue dada, mwandikie.

Mpe mwajiri taarifa ya likizo ya uzazi angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, ambatisha cheti cha daktari. Wewe uko mwezi wa tano, una wiki chache tu za kuwa ndani ya muda huo, usizipoteze. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, siku 100 ukijaliwa mapacha au zaidi. Unaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Marekebisho ya 2025 yamemwangalia pia mama aliyejifungua mtoto njiti, kwa kumwongezea muda. Ukirudi, una haki ya kutoka kwenda kunyonyesha mpaka saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Na ujauzito hauwezi kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Huyo meneja akiyarudia maneno yake kwa ujumbe wa simu, hifadhi ujumbe.

Baba wa mtoto naye ana siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Wanaume wengi hawazidai, wanaona aibu. Sijui aibu ya nini.

#12 Mwana wa Goziba

Wakuu huko kote mmezunguka nchi kavu tu. Sisi wa ziwani je? Mimi ni mvuvi wa dagaa, nipo kambini visiwani. Tajiri ana mtumbwi, nyavu, taa na injini. Tunatoka giza likiingia, mbalamwezi ikiwaka tunalala. Akiuza anatoa kwanza mafuta, chakula na gharama zote, kinachobaki wanagawana yeye na sisi. Ukiumwa hupati kitu. Ukiondoka katikati ya giza, yaani kile kipindi cha siku zisizo na mbalamwezi, anakwambia una deni la chakula. Huyu ni mwajiri au ni mwenzangu wa biashara?

#13 Jumla na Rejareja

Huyo ni mshirika wako. Mkipata mnagawana, mkikosa mnakosa wote. Usitake kumgeuza tajiri wa watu mwajiri.

#14 Wakili wa Nyamagana

Ningekuwa namtetea tajiri ningesema hivyo hivyo: ujira wake ni mgao, hatari ya hasara wanabeba wote, na mvuvi anaweza kuhamia mtumbwi mwingine giza linalofuata. Ubia ni hoja inayosimama.

#15 Mzee wa Zamu

Na ningekuwa namtetea mvuvi ningemuuliza tajiri haya. Nyavu za nani? Nani anasema leo tunatoka, leo hatutoki? Dagaa wakifika Mwaloni nani anaongea bei na mnunuzi? Mvuvi anaona daftari la mauzo, au anaambiwa tu "tumepata kiasi hiki"? Ana haki ya kusema mafuta yamezidi? Mshirika asiyeona hesabu, asiyepanga bei, asiye na kitu chake ndani ya mtumbwi isipokuwa mikono, anapangiwa saa na kupewa vitendea kazi na mtu mmoja anayemtegemea. Rudi kwenye zile dalili nilizoandika juu, na kumbuka inatosha moja. Kulipwa kwa mgao hakukuondoi humo, maana wapo wanaolipwa kwa kilo au kwa kipande na ni waajiriwa.

Mimi msimamo wangu: kambi nyingi nilizoziona hizo ni ajira. Wakili ana haki ya kubisha, na mwamuzi ataangalia kambi yako ilivyo, si kambi kwa ujumla. Ila tajiri anayetaka ubia wa kweli asiishie kwenye maneno, auandike, na hesabu ya kila giza isomwe mbele ya watu wote.

Kuhusu deni la chakula, huko sina mashaka. Kumzuia mtu asiondoke kambini mpaka amalize deni kunaelekea kwenye kazi ya kulazimishwa, na hiyo ni kosa la jinai. Deni linadaiwa kwa njia za kudai madeni, mtu haachwi kisiwani kama rehani.

#16 Mwana wa Goziba

Daftari la mauzo sijawahi kuliona toka nizaliwe. Nimekuelewa ng'wanawane.

#17 Miaka Kumi na Nne

Mimi nimeachishwa kwa barua, sababu wanasema ni kupunguza watu, nilikuwa nalipwa elfu 12 kwa siku, kazi miaka 14. Kiinua mgongo changu ni kiasi gani? Jamaa ananiambia ni laki na themanini, "ndiyo sheria".

#18 Mzee wa Zamu

Jamaa kaipata wapi hiyo? Sheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Siku 7 kwa elfu 12 ni 84,000. Mara 10 ni 840,000. Ile miaka 4 ya juu kwa sheria haihesabiwi, labda mkataba wenu au makubaliano ya chama yanatoa zaidi.

Hicho ni kiinua mgongo peke yake. Ongeza ujira wa siku ulizofanya, likizo ambayo hukuichukua, na notisi. Wanaolipwa kwa mwezi notisi yao ni siku 28, wa siku au wiki ni siku 4, na mkataba unaweza kutoa zaidi. Udai pia cheti cha utumishi, hicho anapewa hata aliyefukuzwa kwa wizi. Kiinua mgongo ndicho anachokikosa aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu, na wewe hukuachishwa kwa hilo.

Halafu pita NSSF uangalie michango yako mwezi kwa mwezi. Jumla inatakiwa asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya 10. Usikubali kuonyeshwa karatasi ya mshahara yenye makato, taka kuona fedha zimeingia. Nimeona watu wamekatwa miaka na akaunti haina kitu. Fidia ya kuumia kazini, ule mfuko wa WCF, mwajiri analipa yote mwenyewe. Akikukata shilingi kwa jina hilo, kakuibia.

#19 Jumla na Rejareja

Nimesoma yote. Swali la mwisho kutoka kwa mtu mbaya: kijana mmoja hajaja kazini wiki nzima, simu haipokelewi. Huyo naye nimwandikie barua ya upole?

#20 Mzee wa Zamu

Mwandikie, ndiyo. Utoro wa zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kumtoa mtu kazini, lakini hujui kama yuko gerezani, wodini au Geita kwenye machimbo. Tuma ujumbe kwenye namba yake, mpigie mdhamini aliyemleta, peleka barua kwa mwenyekiti wa mtaa wake, weka kumbukumbu ya kila ulichofanya na tarehe. Akitokea, mpe barua ya tuhuma na siku zake mbili. Asipotokea kabisa, endesha kikao bila yeye na uandike kwamba aliitwa. Kufunga jina lake kwenye daftari kimya kimya usifanye, maana mwezi ujao atatokea na mjomba wake na watasema ulimfukuza.

#21 Mama Minofu

Mzee wa Zamu, barua wamekataa kupokea getini, nikaituma WhatsApp kama ulivyosema, tiki mbili za bluu, hawajajibu. Leo nimekwenda CMA, nimejaza fomu, dada wa mapokezi amenisaidia vizuri. Kaniuliza niliajiriwa wapi, nikasema Mwanza. Ila kiukweli walitufuata Musoma na gari lao, tulikuwa kumi na kitu. Hilo lina maana yoyote?

#22 Mzee wa Zamu

Lina maana kubwa. Mtu aliyeajiriwa mahali pengine na kuletwa kazini, ajira ikiisha mwajiri anatakiwa kumsafirisha yeye na mizigo yake hadi alikoajiriwa, au ampe nauli. Kama aliajiriwa Musoma asirudi kwa kuomba lifti. Na siku anazokaa akisubiri usafiri huo zina malipo yake ya kujikimu.

Rudi kesho asubuhi kabla fomu haijaenda mbali, waombe kurekebisha sehemu hiyo. Watafute hao wenzako mliokuja na gari moja, wawili watatu wanatosha kuwa mashahidi. Na kama kuna mmoja wao anayo nakala ya mkataba, ipige picha, ziba majina, nitumie inbox niangalie waliandika nini kwenye "mahali pa kuajiriwa".